Umri wa Mti na Umri wa Kitanda

Mwaka 2010 watafiti waliopima misitu iliyo kati ya kilomita 10 na kilomita 220 kutoka Dar es Salaam walichapisha matokeo yaliyostahili kujadiliwa na kila mtu anayeagiza samani nchini Tanzania. Walilinganisha hali ya misitu hiyo mwaka 1991 na hali yake mwaka 2005, wakakuta kwamba ukataji wa miti ya mbao zenye thamani kubwa ulikuwa ukisogea mbali na jiji kwa kilomita 9 kila mwaka, huku uchomaji wa mkaa ukiufuata kwa nyuma kwa kilomita 2 kwa mwaka. Mkata mbao ndiye aliyetangulia, na mchoma mkaa akafika baadaye kumalizia kilichobaki. Kadiri mtu alivyozidi kulikaribia jiji, ndivyo msitu ulivyozidi kupungukiwa na aina za miti na kaboni iliyohifadhiwa ndani yake.

Kusini mwa Rufiji mambo yalikwenda kasi zaidi baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Misitu ya Kilwa na Liwale, iliyokuwa ikitengwa na mafuriko kwa miezi kadhaa kila mwaka, ghafla ikawa jirani ya soko. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyopaswa kukusanywa kutokana na uvunaji huo yalipotea. Ni kweli kwamba magogo mengi ya kipindi kile yalikwenda nje ya nchi, hasa China, na ni kweli pia kwamba kilimo na nishati ya kupikia ndivyo vinavyofyeka misitu yetu zaidi kuliko kitu kingine chochote. Seremala wa Keko, mtaa wa mafundi samani jijini Dar es Salaam, hawezi kubebeshwa lawama hizo zote. Hata hivyo kuna sehemu ya mahitaji ya mbao ambayo ni yetu wenyewe, iliyomo vyumbani mwetu, na ambayo tunaweza kuipunguza bila mtu yeyote kulala chini.

Mjadala wetu kuhusu mbao huishia msituni na barabarani: vibali vya uvunaji, mihuri ya magogo, vizuizi vya ukaguzi, malori yaliyokamatwa usiku. Ni mara chache mtu huuliza ubao ule, ukishavuka vizuizi vyote hivyo kihalali au kwa njia nyingine, unatumika kwa miaka mingapi kabla ya kutupwa. Na swali hilo lina uzito, kwa sababu mahitaji ya mbao za samani yanaamuliwa na mambo mawili tu, yaani idadi ya vitu ambavyo watu wanavihitaji na muda ambao kila kimoja kinadumu. Familia iliyokuwa ikibadilisha kitanda kila baada ya miaka 10, ikipata kitanda cha miaka 40, imepunguza miti inayokatwa kwa ajili yake kwa robo tatu. Hakuna doria ya msituni inayoweza kuleta punguzo la namna hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Hapa ndipo wengi hujibu haraka kwamba basi tununue mninga. Sifa za mninga ni za kweli. Kiini chake hakipendwi na mchwa, husinyaa kidogo sana unapokauka, haupindi ovyo, na huchukua randa na msasa vizuri kiasi kwamba hata fundi wa wastani huonekana hodari. Lakini mninga wa miombo hautimizi unene wa kupasuliwa mbao kabla ya miaka 70, na mara nyingi huhitaji zaidi ya hapo. Mti ulioota babu zetu wakiwa vijana unapogeuzwa kitanda kinachotupwa baada ya miaka 8, hesabu yake haiwezi kukaa sawa hata msitu usimamiwe na malaika. Ningependa tuwe na mazoea ya kuiweka miaka ya mti na miaka ya samani bega kwa bega kabla ya kusema kwamba kitu fulani ni rafiki wa mazingira. Kwa kipimo hicho, kitanda cha msonobari wa shamba la miti la Sao Hill, uliovunwa ukiwa na miaka kati ya 18 na 25, kikidumu miaka 25 kimelipa deni lake shambani. Kitanda cha mninga cha miaka 8 hakijalipa hata sehemu ya nane.

Je, kitanda cha mninga kinawezaje kufa katika miaka 8? Tukikague kimoja, cha sita kwa sita, cha aina inayopangwa pembezoni mwa barabara katika miji yetu. Kichwani kuna ubao mpana wenye nakshi, na huo kweli ni mninga, kwa sababu ndio unaoonekana. Mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, mara nyingi imechanganya kiini chekundu na sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo, ambayo haina ule ukinzani dhidi ya wadudu, na weupe wake umefichwa kwa rangi kabla ya vanishi kupakwa. Chaga ni za mbao laini isiyotiwa dawa. Zimelazwa juu ya kijiti chembamba kilichopigiliwa misumari upande wa ndani wa mfumbati, na mfumbati wenyewe umenaswa kwenye tendegu kwa vyuma viwili vilivyofungwa kwa skrubu fupi.

Kitanda hicho hakitavunjika kwenye mninga. Kwanza kitaanza kulia usiku, maana skrubu zimelegea katika matundu yake. Baadaye bungua wataingia kwenye ile mbao nyeupe, na mwenye nyumba ataona unga mwembamba sakafuni kila anapofagia. Kisha kijiti kitang'oka, chaga mbili zitadondoka, mtu ataweka matofali chini, na baada ya mwaka mmoja au miwili kitanda kitatolewa nje kikiwa na kichwa chake kizuri ambacho kingeweza kudumu miaka mia. Kijiti cha bei ya chini kabisa katika kitanda kizima ndicho kilichoamua umri wa mti wa miaka 70.

Chanzo kingine cha vifo vya mapema ni maji. Mbao mbichi iliyotoka kwenye msumeno huwa na unyevu unaozidi asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, wakati hewa ya ndani ya nyumba za pwani huuacha ubao utulie kwenye asilimia 14 au 15, na ya Dodoma wakati wa kiangazi huushusha chini zaidi. Ubao ukishapita asilimia 30 kuelekea chini huanza kusinyaa, tena hausinyai sawasawa: kufuata mviringo wa gogo husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea katikati, na kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Ulimi wa mbao uliokaa kwa kubana ndani ya tundu lake siku kiti kilipotoka karakana utakuwa unacheza baada ya miezi michache. Gundi itaachia, mguu utayumba, na mwenye kiti atapigilia msumari, ambao utaupasua ulimi na kuondoa uwezekano wa kuutengeneza tena. Ofisi nyingi za serikali zilipohamia Dodoma zilihama na samani zilizotengenezwa Dar es Salaam, na yeyote aliyewahi kuona meza ya mkutano ikipasuka katikati mnamo mwezi wa Agosti anajua ninachosema.

Fundi anayajua yote haya. Ukizungumza naye atakwambia, bila kuficha, kwamba mbao inatakiwa ipangwe kivulini, itenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite, ikae miezi kadhaa kulingana na unene wake. Atakwambia pia kwamba mteja ametoa malipo ya awali Jumatatu na anataka kitanda Jumamosi. Fundi hununua mbao ya kazi moja kwa fedha ya mteja huyo huyo. Kukaa na mbao ya milioni kadhaa ikikauka kwa nusu mwaka ni kufunga mtaji ambao hana, na benki haimkopeshi mtu kwa dhamana ya mbao zilizolala. Tanuri la kukaushia lingemaliza kazi hiyo kwa wiki chache, lakini tanuri ni la kiwanda, na karakana nyingi za mitaani ni paa la mabati juu ya nguzo nne. Kwa hiyo tunapomlaumu fundi kwa samani mbovu tunamlaumu mtu wa mwisho katika mlolongo ambao kila aliyemtangulia amemkabidhi mbao mbichi.

Ubunifu wa samani zinazodumu si jambo la kuagizwa kutoka Ulaya kana kwamba pwani hii haikuwa na mafundi. Kitanda cha kamba cha Waswahili kilikuwa na matendegu manne na mbao nne zilizoingizwa kwenye matundu, kisha kikawambwa kwa kamba ya ukindu au ya makumbi. Sehemu inayochoka upesi, yaani ile inayobeba mwili kila usiku, ilikuwa kamba, na kamba ilitoka kwenye minazi na mikindu iliyo uani, ikabadilishwa na mtu wa nyumbani pasipo kumwita seremala. Mbao zilibaki zile zile, zikarithiwa. Aliyebuni kitanda hicho alikuwa ameelewa kanuni ambayo vyuo vya usanifu vinaifundisha leo kwa picha nyingi: tenganisha kinachochakaa na kinachodumu, na kile kinachochakaa kifanye kiwe rahisi kupatikana na kubadilishwa.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyomtajirisha Michael Thonet, seremala aliyefanya kazi Vienna, ambaye kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kilikuwa na vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo, na mnunuzi alivifunga mwenyewe huko vilikofika. Kikalio chake kilikuwa cha kusukwa, kikichakaa kinasukwa upya, na viti vya aina hiyo vyenye zaidi ya miaka mia bado vinakaliwa. Nakitaja kwa sababu siku hizi kuna watu wanaodhani kwamba samani ya kufungua na kufunga ni lazima iwe dhaifu. Udhaifu wa samani nyingi za maboksi unatokana na kile kilichomo ndani ya boksi.

Kilichomo ni MDF au chipubodi, yaani unga na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi na kubandikwa karatasi ya plastiki yenye sura ya mbao. Siwezi kuidharau bidhaa hii kwa jumla. Inatumia mabaki ambayo vinginevyo yangechomwa, ni nafuu, na kijana anayeanza maisha katika chumba cha kupanga hahitaji kabati la kurithisha wajukuu. Tatizo ni kwamba skrubu iking'oka mara moja haina pa kushika tena, na maji yakiingia kwenye ukingo ubao huvimba kama mkate uliolowa na haurudi. Hakuna fundi anayeweza kuutengeneza, na hautumiki hata kama kuni salama, kwa kuwa gundi zake nyingi zina fomaldehaidi, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mama anayewasha jiko kwa vipande vya kabati lililovimba hajaambiwa hivyo na mtu yeyote.

Tukitaka kuona njia hiyo inafika wapi, Marekani imeshatangulia. Kwa takwimu za wakala wake wa mazingira, mwaka 2018 samani na mapambo ya nyumbani yaliyotupwa yalifikia tani milioni 12.1 kwa kipimo chao, na asilimia 80 yalifukiwa dampo. Ufaransa, kwa upande wake, tangu mwaka 2013 inamtoza mnunuzi wa samani mpya mchango mdogo unaogharimia kukusanya na kuchakata ile ya zamani. Sidhani kwamba tozo hiyo inatufaa sasa, maana kwetu samani kuukuu bado ina mtu wa kuitaka, na soko la mitumba na mafundi wa kukarabati makochi hufanya kazi ambayo Ufaransa imelazimika kuitungia sheria. Wasiwasi wangu ni kwamba mfumo huo wa mitumba unategemea vitu vinavyotengenezeka, na kila boksi la chipubodi linaloshushwa bandarini linaupunguzia malighafi.

Kuna hoja ya kaboni, ambayo nitaipitia upesi kwa sababu hutiwa chumvi mara nyingi. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Kitanda chenye kilo 60 za mbao kimeshikilia kaboni kama kilo 30, sawa na kilo 110 hivi za hewa ukaa, na kitaendelea kuishikilia hadi kioze au kichomwe. Hilo ni jema, lakini kutoka kwenye gogo moja mara nyingi chini ya nusu ndiyo hufika kuwa mbao. Kilichobaki ni vumbi, maganda na vipande vya kuni. Kwa hiyo kitanda kinachodumu miaka 40 hakiutunzi mti mzima uliokatwa, kinatunza sehemu yake ndogo. Anayetangaza kwamba kununua samani za mbao ngumu ni kuokoa hali ya hewa anatuuzia maneno.

Mbao za kupunguza mzigo wa mninga tunazo, tena tunazikanyaga. Mnazi uliozeeka ukaacha kuzaa una sehemu ya nje ngumu na nzito inayotoa meza na viti vizuri, ingawa huharibu meno ya msumeno, na Zanzibar miembe na mifenesi iliyokoma kuzaa imekuwa ikipasuliwa mbao tangu zamani. Msaji wa kupandwa, kule Longuza na Mtibwa na katika bonde la Kilombero, huvunwa baada ya takriban miaka 30. Msonobari unadharauliwa kama mbao ya kenchi na majeneza, lakini dharau hiyo inatokana na kuutumia ukiwa mbichi na bila dawa. Ukikaushwa vizuri, ukatiwa dawa, na vipimo vyake vikaongezwa kidogo ili kufidia ulaini wake, unatoa kitanda imara. Na pale anayenunua anapotaka mbao ya msitu wa asili, Kilwa iko njia iliyokwishajaribiwa: mwaka 2009 misitu ya vijiji huko, ikisaidiwa na shirika la Mpingo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, na fedha za magogo zikaanza kuingia kwenye akaunti za vijiji badala ya mifuko ya madalali. Cheti hicho lakini hakisemi lolote kuhusu kijiti cha kushikilia chaga. Gogo lililovunwa kwa uadilifu linaweza kabisa kuishia katika kitanda cha miaka 8.

Ndiyo maana naamini kwamba badiliko halitaanzia kwa mnunuzi wa mtaani, ambaye hana namna ya kuona unyevu wala kiungo kilichofichwa na vanishi. Litaanzia kwa mnunuzi mkubwa, na mnunuzi mkubwa wa samani za mbao nchini ni serikali yenyewe. Mwaka 2016, wakati wa kampeni ya madawati iliyoamriwa na Rais Magufuli, mikoa yote ilikimbizana kumaliza upungufu uliotokana na wingi wa wanafunzi wa elimu bila malipo. Shabaha ilikuwa idadi, na idadi ikapatikana. Lakini idadi haisemi ubao wa kukalia ulikuwa na unyevu kiasi gani, wala kama umefungwa kwa bolti zinazofunguka au kwa misumari. Shule nyingi zina lundo la madawati nyuma ya darasa, na mtu akiliangalia kwa makini ataona kwamba fremu za chuma bado nzima. Kilichokufa ni mbao, na haikubadilishwa kwa kuwa bolti hazikuwekwa, au ziliwekwa kisha vichwa vyake vikachomelewa.

Masharti ya zabuni ya dawati yanaweza kuandikwa katika nusu ukurasa: mbao yenye unyevu usiozidi asilimia 15 kwa pwani na 12 kwa mikoa ya kati, ubao wa kukalia na wa kuandikia ufungwe kwa bolti za kipimo kimoja nchi nzima, ili bisibisi na spana za shule moja zitumike shule nyingine, weupe wa gogo usitumike pasipo dawa, na mtengenezaji abaki na wajibu wa kurekebisha kwa miaka mitano. Manunuzi ya umma sasa yanapita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo masharti yakiingizwa humo mara moja yanamfikia kila mzabuni. Bei ya dawati itapanda, na hilo lisemwe wazi, kwa kuwa halmashauri yenye bajeti ya madawati 500 huenda ikapata 400. Ikiwa hayo 400 yatadumu miaka 20 badala ya 6, mkaguzi wa hesabu hatapata shida kuona upande uliofaidika.

Kupima hakuhitaji maabara. Kipima unyevu cha mkononi, chenye sindano mbili za kuchoma kwenye ubao, kinauzwa kwa bei isiyozidi ya madawati machache, na kinatoa jibu kwa sekunde. Kikikaa kwa afisa ugavi, siku mzigo unapopokelewa atachagua dawati moja katika kila kumi, atapima, na yaliyozidi kipimo yatarudi kwenye lori. Mzabuni aliyerudishiwa mzigo mara moja ataanza kumdai mwenye kiwanda cha kupasua mbao ubao mkavu, na mwenye kiwanda, akishaona kwamba mbao kavu ina mnunuzi wa uhakika, atakuwa na andiko la biashara la kupeleka benki kwa ajili ya tanuri. Tanuri hilo likijengwa Mafinga au Tanga litakausha pia mbao za kitanda cha Keko.